Dhahabu Tuliyoivalisha kwa Maji ya Mvua

Dhahabu ikiwa ndogo kupita kiasi huacha kung'aa, ikawa nyekundu. Nilimweleza mama yangu jambo hili mara nyingi, naye kila mara alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtu aliyeuziwa simu mbovu sokoni Birere.

"Dhahabu nyekundu," alisema. "Na macho haionekane. Na munaivalisha nguo. Mutoto wangu, bale batu banakulipa kweli?"

Walinilipa, walipokumbuka.

Maabara yetu ilikuwa mtaa wa Himbi, katika nyumba ya zamani ambayo bafu lake lilikuwa limegeuzwa chumba cha kuoshea vyombo vya kioo. Tuliongozwa na mzee mmoja wa Masisi, profesa, mrefu, mwenye suti mbili na wazo moja. Suti alizipata Ulaya alikosomea. Wazo alilipata hapa nyumbani, kwa kuzika ndugu. Alitaka vipande vya kupimia kipindupindu vitengenezwe Goma, tusikae tukitazama uwanja wa ndege kila ugonjwa unapoingia. Sote tulimwita Prof, hata walinzi, hata mke wake.

Kazi ilikuwa hivi. Unachukua maji yenye chembe za dhahabu, ndogo zisizoonekana hata kwa darubini yetu, maji yenyewe mekundu kama juisi ya zabibu iliyotiwa maji mengi. Unazivalisha chembe hizo kingamwili. Kingamwili ni protini inayomjua kijidudu mmoja tu, ikimkuta inamshika, kama mama anavyomkamata mtoto wake sokoni na kuwaacha wa wenzake wapite. Ukishazivalisha, unazikausha kwenye kipande chembamba cha karatasi. Mgonjwa akiwa na kipindupindu, dhahabu inamshika kijidudu, inasimama naye kwenye mstari wa kwanza na mstari unakuwa mwekundu. Kuna na mstari wa pili, ambao lazima utokee kila mara, kuonyesha kwamba kipande kinafanya kazi.

Mimi nilikuwa mtu wa nguo. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba dhahabu imevaa kweli. Maabara kubwa zina mashine inayomulika chembe na kusema unene wake kabla na baada ya kuvaa. Mashine ya namna hiyo ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na miaka ya amani tulikuwa tukipeleka chupa zetu huko kwenye boksi la barafu. Mpaka ulipofungwa tulibaki na macho na chumvi. Dhahabu iliyo uchi haistahimili chumvi. Ukiitonesha maji ya chumvi inashikana vibonge na kugeuka buluu papo hapo. Iliyovaa sawasawa inabaki nyekundu, wala haina habari. "Iulize kwa chumvi," Prof alikuwa akisema, na mimi niliipenda kazi hiyo kupita nilivyowahi kumpenda mtu yeyote aliyenichumbia. Chumvi haikujui jina wala kabila. Ndiyo au hapana.

Sasa niseme habari ya mvua, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka.

Sisi watu wa Goma tunaliogopa ziwa. Tunaliogea, tunalipigia picha za harusi, tunakula sambaza, samaki wake wadogo, lakini kulinywa ni jambo jingine. Nilipokuwa mdogo niliona malori yakipita na watu waliokunywa maji yake wakafa kwa kipindupindu, wamefungwa ndani ya mikeka, na mama yangu akatutungia sheria moja ya nyumba: maji ya ziwa hayaingii mdomoni, maji ya mbinguni ndiyo ya kunywa. Kila nyumba ina mfereji kwenye bati na pipa chini yake. Mgeni akija unampa maji ya mvua, na ukimwambia ni ya mvua anashukuru mara mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ziwa letu ndilo nyoka huyo.

Kisha mlima wetu wa volkano ukapasuka. Ilikuwa Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu juu ya nyumba, na sisi tukatoka na godoro, redio na mama yangu, ambaye alikataa kukimbia mpaka afunge mlango kwa kufuli mbili. Moto ulisimama kabla ya kufika kwetu. Tuliporudi, maabara ilikuwa salama, chupa zote zimesimama isipokuwa moja. Lakini mlima uliendelea kuvuta sigara yake miezi na miezi, na mvua ikabadilika. Mabati mapya yakashika kutu haraka. Majani ya maharagwe yakatoboka kama yaliyounguzwa na cheche. Mama yangu alilalamika kwamba maji yana ukali ulimini. Tulilaumu bati, tukalaumu pipa, tukalaumu mafundi. Mvua hakuna aliyeilaumu.

Baadaye wakaja waasi. Si mara ya kwanza, na mtu wa Goma akisema "waasi" inabidi umuulize wepi. Hawa walishuka upande wa Rutshuru. Siku risasi ziliposikika karibu na Rumangabo, barabara yote ilijaa watu waliobeba magodoro, mbuzi na masufuria yenye chakula bado kina moto. Miongoni mwao alikuwa yaya yangu, dada mkubwa, mjane, na watoto watatu. Mdogo wao alikuwa binti anayejifunza kusema.

Nilitaka wakae nasi. Yaya alilala kwa mama siku chache, kisha akapanda shukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyobeba mkaa akarudi Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi alikopewa turubai alipofika, juu ya mawe meusi ya volkano.

"Huku niko mugeni," aliniambia. "Kule niko na bashi yangu. Ni turubai tu, lakini ni yangu."

Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe toka kilima cha pili, na haikuchukua muda watu wa mstari wake wa mahema wakamfanya kiongozi wao. Yeye ndiye aliyegombana na wagawa unga, yeye ndiye aliyeamua ugomvi wa wanawake kwenye foleni ya maji. Neno lake huko lilikuwa na uzito kuliko langu nyumbani, na alihakikisha nalijua hilo.

Vita vilikata umeme. Mashine yetu ya kukeneka maji, ile inayochemsha na kukusanya mvuke ili maji yabaki matupu bila chumvi wala madini, ikasimama. Kipimo cha uchachu wa maji kilikufa wiki hiyo hiyo, na cha kubadilisha kilikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukikiona kwa macho ya moyo tu. Kambini watu walianza kuharisha. Shirika moja lililokuwa na malori ya maji safi lilituambia wazi: malori ni machache na kambi ni nyingi, yatakwenda pale vipimo vitakapoonyesha kipindupindu. Vipimo vya kununua vilikuwa vimekwama ng'ambo. Vilivyobaki ni vyetu.

Kwa hiyo tulihitaji maji ya kuvalishia dhahabu, na tulihitaji haraka. Nilisema kwa mzaha tukanunue Birere yale maji ya kutia kwenye betri za magari, maana yale angalau yameandikwa "yamekenekwa". Prof alicheka mpaka akavua miwani. "Sitavalisha kingamwili kwa maji ya fundi wa gari." Nami nikacheka. Maji ya bomba yalitoka ziwani, na ziwa ndilo tulilokuwa tukipigana nalo. Hakuna hata aliyelitaja. Pipa la mvua lilikuwa ukutani, limejaa. Hakuna mtu aliyesema "tutumie mvua". Tulichota tu, tukachuja, tukachemsha, kama tunavyomchemshia mtoto mchanga. Watu wenye digrii, tena wa kemia.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kwa kawaida unaiuliza dhahabu kwa chumvi mara tu baada ya kuvaa kingamwili. Ikishakujibu ndipo unaongeza albumini, protini ya ng'ombe ya bei rahisi, izibe matundu madogo yaliyobaki. Safari hii kingamwili zilikuwa chupa ya mwisho, na Prof hakutaka kupoteza hata tone kwa majaribio. Tukavalisha, tukaziba, ndipo tukauliza. Dhahabu ikabaki nyekundu. Tulijaribu kipande cha kwanza kwa vijidudu vilivyouawa tulivyokuwa navyo akiba, vizito kama uji, na mstari ukatokea. Nilicheza katikati ya maabara, na Prof alituma tuletewe Fanta.

Vipande vikaenda Kanyaruchinya. Majibu yakaanza kurudi: hakuna, hakuna, hakuna. Wa shirika walifurahi na sisi tulifurahi, na malori yakaelekezwa upande wa Sake.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa yaya. Alipita hema kwa hema akitangaza. "Ile test ni ya mudogo wangu. Anaitengeneza na mikono yake. Kama inasema kolera haiko, haiko. Ni tumbo tu, munywe chai ya kukolea." Alinisimulia mwenyewe kwa simu, akajisifu kwa niaba yangu, na mimi nikavimba kichwa kama puto.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona. Mkono mtupu haulambwi, nikabeba maharagwe na sabuni. Nilimkuta amekaa mbele ya hema na binti yake mapajani, na kabla sijasalimu nilijua. Mtoto alikuwa ametoka kuhara maji meupe kama yale unayomwaga baada ya kuosha mchele. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo kidogo, nikaiachia, na ngozi ikabaki imesimama.

"Tulimupeleka asubui," yaya alisema. "Banasema negatif. Umefanya nipumue, mudogo wangu."

Nilimnyang'anya mtoto bila adabu yoyote, nikakimbia naye kwenye kibanda cha afya. Muuguzi, mama mwenye kilemba cha kijani aliyekuwa hajalala vizuri siku nyingi, alikubali kupima tena. Alichovya kipande. Tukasubiri. Mstari wa kwanza haukutokea. Wa pili, ule ambao lazima utokee, ulitokea, lakini ulikuwa hafifu, kama alama ya chai iliyokauka kwenye kikombe. Vipande vyetu vya zamani vilikuwa na mstari wa pili mwekundu wa kujigamba. Niliinua kile kipande kwenye mwanga, nikakigeuza huku na huku.

"Mustari iko inaonekana," muuguzi alisema. "Ni muzima."

"Vyote viko hivi?"

"Vyote."

Hema la kipindupindu lilikuwa mwisho wa kambi, limezungushiwa uzio wa plastiki, lina wagonjwa wachache wa kutoka kambi nyingine. Kijana wa mlangoni mwenye pampu ya klorini mgongoni aliomba jibu la kipimo. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa: hasi haingii, ndiyo amri.

"Hicho kipande nimekitengeneza mimi," nilimwambia. "Mimi hapa. Na nakwambia kinaongopa."

Sijui kama alinielewa au aliogopa macho yangu. Alinipulizia viatu klorini, akafungua. Walimlaza binti kwenye kitanda cha turubai, wakamtafuta mshipa mara nyingi mpaka ukapatikana mguuni, na maji ya dripu yakaanza kumwingia. Nilikuwa nimeona aibu mbele ya watu maishani mwangu, lakini hii haikuwa aibu, ilikuwa hofu tupu: kama huyu alikuwa hasi, je wale wengine wote?

Nilimgeukia yaya, aliyekuwa nje ya uzio ameshika plastiki kwa vidole. "Nenda uwaambie wa mstari wako. Kila mwenye kuhara aje hapa. Waambie test ni mbovu."

Alinitazama kana kwamba nimesema Kichina. Kisha uso wake ukabadilika, akaanza kukimbia juu ya yale mawe makali, yeye mwenye miguu inayouma, akiita kwa ile sauti yake.

Jirani yake wa hema la pili alikuwa mwanamke mdogo wa Bwito, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mtoto alikuwa akihara tangu siku iliyotangulia. Mama yake alitaka kumleta kwenye hema la kipindupindu, akamwuliza yaya, na yaya akamwambia ampe chai. Walimleta mbio, yaya amembeba, mama anafuata nyuma na kiatu kimoja. Alifika akiwa bado anapumua. Wauguzi walimpigania mbele yetu, na sikuwahi kuona mikono inayofanya kazi vizuri namna ile. Alikufa kabla jua halijafika kichwani. Walimfunga katika mfuko mweupe, wakamwambia mama yake kwamba haruhusiwi kumwosha.

Usiku sikulala, na asubuhi nilikuwa mlangoni mwa maabara kabla ya mlinzi kufungua. Prof alipofika nilimwekea mezani vipande nilivyorudi navyo, nikamweleza yote, hata habari ya yule mtoto aliyekufa. Alivipanga vipande kimoja kimoja. Kisha akafanya kitu nilichokitarajia na ambacho hata hivyo kilinikasirisha: alitetea dhahabu yake.

"Chumvi ilisema ndiyo. Uliiuliza wewe mwenyewe."

"Niliiuliza imeshajifunika albumini, Prof! Albumini ingefunika hata jiwe. Tuliuliza kama imevaa. Hatukuuliza imevaa nguo ya nani."

"Usinipigie kelele, mutoto yangu."

"Basi nani akupigie?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo mtu wa umri wake, na mama yangu angesikia angenizaba kofi mbele ya wageni. Prof alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Aliingia chumba cha ndani, akatoka na kijichupa. Kingamwili. Matone machache aliyokuwa ameyaficha kama anavyoficha mtu pesa ya mazishi. Akamtuma dereva Birere, na dereva akarudi na chupa ya maji ya betri. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulivalisha dhahabu mara mbili, bakuli moja kwa maji ya betri na jingine kwa maji ya pipa letu. Bila albumini. Prof mwenyewe alitonesha chumvi. Ile ya betri ilibaki nyekundu. Ile ya mvua iligeuka buluu kabla hajainua mkono, ikawa kama wino wa shule, na vipunje vikaanza kuzama chini.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Hata bila kipimo cha uchachu sote wawili tulielewa, na tulielewa kwa pamoja, maana ndiyo kemia ya mwaka wa kwanza. Moshi wa mlima ukikutana na wingu, mvua inanyesha asidi na chumvi. Kuchemsha kunaua kijidudu, hakuondoi asidi. Kwenye maji kama hayo kingamwili chache sana ndizo zilizoshika dhahabu, na albumini ikaja ikakaa kwenye nafasi zilizobaki. Chembe zetu zilitembea kwenye karatasi zikiwa zimevaa protini ya ng'ombe, zikapishana na kipindupindu bila kukishika. Kwa vile vijidudu vizito kama uji, zile chache zilitosha. Kwa mtoto wa kambini hazikutosha.

"Tunaogopa ziwa," Prof alisema. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye kazini alipenda Kifaransa. "Maji ya ziwa yangekenekwa kwenye mashine yetu, kwa umeme wa jenereta ya jirani, yangekuwa safi. Nilipita mbele ya hiyo jenereta kila siku."

Nilitaka aende mara ile kwa wenye malori. Yeye alitaka kurudia jaribio kwanza, kama sayansi inavyotaka. Nilimwambia kwamba huko kambini wanarudia jaribio hilo kila saa, kwa miili yao. Akachukua koti la suti, ile nzuri.

Nilikwenda naye. Mkutano ulikuwa katika jumba moja karibu na ziwa, na meza ilijaa watu waliovaa fulana za mashirika. Prof alisimama na kusema, bila kupamba, kwamba vipande vyake vyote vilivyotoka havifai, kwamba majibu yote ya hasi yachukuliwe kuwa hayapo, na kwamba Kanyaruchinya kuna kipindupindu. Mtu mmoja aliuliza kama anafahamu maana yake kwa mradi. Alisema anafahamu. Nilimpenda siku ile kama baba, na nilikuwa bado nimemkasirikia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kupatana. Maji yakimwagika hayazoleki. Wafadhili waliandika barua yao ya upole ya kusitisha fedha, na kabla ya mwezi kuisha bafu letu lilirudi kuwa bafu.

Malori yalichukua siku kadhaa kufika, maana njia ya Sake nayo ilikuwa imeanza kupigwa mabomu. Katika siku hizo walikufa wengine. Wangapi kwa sababu ya vipande vyetu na wangapi kwa sababu ya vita, hakuna chumvi ya kuuliza hilo. Binti wa yaya alipona. Alitoka hemani amekonda, ana hasira, anadai biskuti.

Yaya hakufurahi kama nilivyofikiri. Nilimkuta akifungasha vyombo.

"Kuna aliyekufukuza?"

"Hapana. Hakuna mutu ananisemesha mubaya. Banapita tu." Alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. "Weye ulikosea huko kwenu, kwa chupa. Mimi nilisema hapa, na kinywa yangu. Yule mama aliniuliza mimi."

Nilitaka kumwambia kosa lilikuwa letu, la wenye chupa. Nilimwambia. Akasema asante, kama anavyosema mtu aliyepewa kitu kisichomtosha.

Nilimwomba twende pamoja kwenye hema la pili kabla hajaondoka. Kilio kilikuwa kinaendelea, kadiri kilio kinavyowezekana mahali ambapo hakuna mwili wala kaburi la kukaa karibu nalo. Wanawake watano sita walikuwa wamekaa ndani, juu ya mawe. Mama wa mtoto alikuwa kati yao, khanga imefungwa kiunoni. Walitupisha tukakaa.

Siku hiyo ndiyo lori la kwanza lilikuwa limefika. Mtu aliweka katikati yetu ndoo mpya yenye maji, na kikombe cha plastiki juu yake. Yalinuka klorini. Yule mama aliitazama ndoo, kisha akanitazama, na hapo nikajua alikuwa akinifahamu mimi ni nani tangu nilipoinama kuingia.

"Na hii?" aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Mumeipima?"

Nilitaka kusema ndiyo. Klorini niliisikia kwa pua yangu, lori nililiona kwa macho.

"Mimi sikupima," nilimjibu. "Wengine wamepima."

"Wengine," alisema.

Nilichukua kikombe nikachota, lakini kabla sijakifikisha mdomoni yaya aliushika mkono wangu.

"Ni mimi nilimwambia haiko," alisema. "Lete."

Akanywa chote, taratibu, mpaka tone la mwisho, akachota tena akanywa. Akaweka kikombe kifudifudi juu ya ndoo. Yule mama hakugusa maji. Alisogea akamwachia yaya nafasi kwenye jiwe lake.

"Basi ukae hapa," alimwambia. "Ukae mpaka kesho, nikuone."

Yaya akakaa.